Mji Uliozingirwa kwa Posta

4 Machi

Shemeji,

Ndani ya bahasha utakuta flashi ndogo niliyoifunga kwa karatasi ya dawa. Tafadhali usiikate kwa mkasi kama ulivyoikata ile ya mwaka jana. Humo mna ule mchezo wa miji ya kale niliokusimulia, pamoja na nyongeza niliyoihangaikia miaka miwili. Hatimaye nimeuweka mji wetu kwenye ramani. Nimeuvisha nguo za kale na kuurudisha nyuma miaka elfu mbili na mia mbili, lakini ni ule ule: mto unapojikunja, daraja, soko la juu, na shule yetu ambayo sasa ni hekalu. Warumi wanatokea magharibi. Wewe utakuwa Warumi, mimi nitaulinda mji.

Tunaotengeneza nyongeza hizi ni kikundi cha watu kumi na wanne, na sijawahi kuonana na hata mmoja wao. Tuna sharti moja tu: huweki kitu kwenye ramani bila kuandika umekitoa wapi. Maelezo hayo tunayaandika ndani ya mafaili, kila mstari ukianza na alama ya reli (#). Mchezo huyaruka, na mchezaji hayaoni. Wiki iliyopita nilibishana siku nne na mwenzetu mmoja, daktari wa meno, kuhusu ngao. Warumi wa karne ile walibeba ngao ya umbo la yai, si ile ya pembe nne ya kwenye sinema. Mwisho akasalimu amri. Kwa umri wangu hiyo ndiyo starehe iliyobaki.

Nimekutumia folda nzima kwa sababu mafaili yako na yangu lazima yafanane. Yakitofautiana herufi moja, mchezo unagoma.

Sasa lile kubwa. Ofisi ya wakimbizi ya huku imetangaza kwamba sisi wazee tunaweza kurudi kabisa, mradi ndugu aliyeko huko aandike barua ya mwaliko na kuitia saini mbele ya karani. Mwisho ni tarehe 30 Septemba. Nina miaka sabini na nne, kifua kinakoroma kama birika, na dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la pili. Nataka kufa nikisikia watu wakigombana kwa lugha ninayoielewa. Nataka pia kumwona binti yangu uliyenilelea. Sina wa kumwomba ila wewe.

Mwezi huu ni wa msiba wa dada yako. Miaka thelathini na moja. Nimemkumbuka kama kila mwaka.

Shemeji yako,
Mwalimu


22 Machi

Shemeji mbishi,

Flashi imefika salama. Mkasi nimeuficha mahali ambapo hata mimi sikumbuki.

Kwa hiyo mzee mzima na mvi zako unakesha wiki kubishana na mng'oa meno juu ya ngao ya mtu aliyekufa zamani! Mimi hapa nashinda nimeinama juu ya saa za watu, jicho moja limekuwa kubwa kuliko jingine, na bado nilidhani kazi yangu ndiyo ya ajabu.

Nimefungua zamu ya kwanza. Nimeleta vikosi vitatu na kuviweka ng'ambo ya mto. Wewe huna tembo, huna farasi wa maana, mji wako una hekalu na walimu. Ghala lako lina chakula cha zamu nne. Basi tuwekeane: ukiushika mji zamu zote nne, mwaliko unapanda posta siku hiyo hiyo. Nikiuchukua, tutazungumza.

Kuna jambo jingine. Binti yako anauliza mama yake alikufaje. Wakati ule alikuwa na miaka minne, yuko hapa kwangu kwa likizo, hakuelewa kitu. Barua uliyotuandikia wakati huo ililowa machozi mpaka wino ukatoka. Andika tena. Usikimbilie mwisho. Simulia kama mtu anayesimulia jambo lililomtokea.

Shemeji yako,
Fundi Saa


9 Aprili

Shemeji,

Zamu yangu imo kwenye flashi. Nimevuta wapiga mishale wote juu ya lango la daraja na kuwaacha wa soko la juu wapumzike. Utaona nimeongeza mtaro. Si wizi, mitaro ya namna hiyo ilikuwapo.

Uliyoniomba ni mazito, lakini binti ana haki yake. Tulitoka mjini asubuhi, watu wakimiminika barabarani, kila mmoja na godoro lake kichwani. Dada yako alikuwa na homa tangu juzi yake. Tulivuka daraja pamoja, nimemshika kiuno. Siku ya pili, barabarani, homa ikampanda kichwani. Hakukuwa na daktari wala gari. Alikufa adhuhuri, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na nilimzika kwa mikono hii. Mwambie binti kwamba hakuteseka sana.

Na ule mwaliko, shemeji, usiufanyie mchezo. Karani wa huku ananitazama kama mtu anayetazama saa yako iliyosimama.

Mwalimu


30 Aprili

Shemeji,

Hiyo ya saa iliyosimama nimeipenda. Nitaiandika mlangoni.

Zamu ya pili: nimechoma mashamba yako ya kusini. Samahani kwa mtama. Daraja sijaligusa. Kwa nini nipoteze watu langoni wakati njaa inanifanyia kazi bure?

Lakini gemu lako lina kasoro. Kando ya daraja, upande wa mji, kuna kijumba kidogo peke yake. Umeandika ni nyumba ya kisima. Haitoi maji, haitoi askari, haina faida yoyote, na kila tukiigusa kompyuta inagoma. Ilibidi binti yako afungue mafaili na kurekebisha. Yeye kazini anapima damu za watu, kwa hiyo vitu vidogo haviwezi kumpita. Sasa inafanya kazi. Tumefanya marekebisho hayo kwenye flashi yako pia.

Kijumba chenyewe ni cha nini?

Na swali langu ni hili: kwenye ramani yako kuna mpaka kisima cha mwuza mkaa. Umeweka hatua za ngazi za shule, nimezihesabu, ni tisa kweli. Mbona hujaweka kaburi la dada yangu? Barabara ya ng'ambo ipo, imechorwa yote. Ulimzika wapi?

Fundi Saa


18 Mei

Shemeji,

Kijumba ni pambo tu. Miji ya kale ilikuwa na vijumba vya namna hiyo. Kivunjeni mkitaka.

Binti alifungua faili lipi? Nauliza kwa sababu mafaili yale yamejaa takataka za kazi. Ile mistari yenye alama ya reli haina maana kwa mtu asiye wa kikundi. Ni vikumbusho, majaribio, maneno ya mtu aliyechoka. Mwambie asisumbuke kuisoma.

Kaburi sikuliweka kwa sababu mchezo ni mchezo. Dada yako si askari wa kuchezewa. Lakini ukitaka kujua, ni baada ya kilometa kumi na moja, mkono wa kushoto, chini ya mti wa miiba wenye shina lililogawanyika. Niliweka mawe matatu, kubwa kichwani. Nimeota mawe yale mara nyingi.

Zamu yangu ya pili imo. Nimepunguza posho ya chakula kwa nusu. Unacheza kwa uvumilivu usio wako, shemeji. Zamani ulikuwa mtu wa kurukia kila kitu. Hata drafti ulikuwa unapindua ubao.

Mwalimu


10 Juni

Shemeji,

Ondoa wasiwasi. Binti alifungua faili la askari tu, akabadili namba moja, akafunga. Mistari ya alama ya reli hakuna aliyeigusa. Nani ana muda huo?

Uvumilivu ni wa uzee. Ubao ninaupindua bado, ila siku hizi mgongo unauma kuuokota.

Zamu ya tatu. Kijumba hatukukivunja. Nimepitisha kikosi kidogo chini ya daraja na kukiweka humo ndani, askari hamsini, na nimewaambia wakae. Hawapigani. Wanakaa tu wakingoja.

Habari njema: mwaliko umeshaandikwa na umetiwa saini mbele ya karani, Jumanne iliyopita. Umo kwenye droo, chini ya miwani yangu ya kazi. Bado stempu tu.

Nakuomba jambo moja, na sitaliomba tena. Niandikie kwa mara ya mwisho siku ile ilivyokuwa. Binti amesoma zile mbili na hazimtoshi. Chukua muda wako. Ukikosea mahali, futa uandike upya; hakuna atakayekucheka.

Fundi Saa


28 Juni

Shemeji,

Mara tatu! Hata polisi hawaulizi mara tatu. Mnanikwangua kidonda kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Lakini nitaandika, kwa ajili ya binti na kwa ajili ya hilo lililomo kwenye droo. Tulipofika pale penye mti aliomba tupumzike. Nilimpa maji ya mwisho niliyokuwa nayo. Kitambaa cha kichwa kilikuwa cha bluu, chenye madoa meupe. Alisema: "Nitunzie mtoto." Halafu akasema jina langu, mara moja, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Nilikaa naye mpaka jua likaondoka usoni mwake. Ardhi ilikuwa ngumu, nilichimba kwa ubao wa kitanda. Kama kuna mtu aliyewahi kumpenda mke wake kuliko nilivyompenda wangu, sijamsoma popote.

Sasa nimesema yote. Tieni stempu.

Zamu yangu ya tatu imo. Watu wangu wanakula ngozi za ngao. Wataushika mji zamu moja zaidi.

Mwalimu


20 Julai

Kwa Mwalimu,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nililelewa vizuri.

Mimi ni binti yako. Sijawahi kukuandikia, na Mjomba alikuwa akisema ni aibu ya kike. Haikuwa aibu.

Mjomba alikudanganya mwezi uliopita. Faili nililolifungua mwezi wa nne si la askari, ni la majengo. Nilikuwa natafuta kwa nini mchezo unagoma kwenye kile kijumba, nikakuta umeandika kupita kiasi kinachoruhusiwa. Nakunakilia, usije ukasema tumeongeza chumvi:

# Nyumba ya kisima. Katika hali halisi: nyumba ya pampu, upande wa mji, hatua sitini kabla ya daraja.
# Chanzo: mimi mwenyewe.
# Mlango wa bati, kijani, kitasa upande wa kulia. Ndani: ndoo nyekundu, mpini umekatika.
# Homa, lakini anaongea. Hawezi kutembea haraka. Daraja linafungwa saa sita.
# Nimemwambia naenda kutafuta maji.
# Nimevuka saa sita kasoro dakika kumi. Sikurudi.

Nilimpelekea Mjomba. Mjomba hakushangaa, kwa sababu haya yote alikuwa anayajua. Sote tulikuwa tunayajua. Kilichotushangaza ni kwamba na wewe unayajua.

Mama yuko hai. Alifika hapa miezi miwili baada ya siku ile, mguu mmoja umevimba, na akatukuta tunasoma barua yako ya msiba. Aliomba asomewe tena. Kisha akasema: "Mwacheni na msiba wake. Mimi niacheni nimekufa." Mjomba akakuandikia pole. Kila mwaka mwezi wa tatu barua yako ya kumbukumbu ilipofika, tuliisoma mezani, na yeye akiwa amekaa na sisi, akikata mboga.

Miaka yote hiyo alikutetea kwa neno moja. Alikuwa anasema: "Labda amesahau. Labda ameusema uongo ule mpaka umemwingia kichwani ukawa kweli. Watu huwa hivyo." Kisha tukasoma faili. Mtu aliyesahau hakumbuki kitasa kiko upande gani.

Ndiyo maana Mjomba alikuuliza mara tatu. Mama ndiye aliyetaka. Alisema ukiandika kweli hata mara moja, hata vibaya, uje ufie hapa, chumba cha uani kipo. Na mwaliko uliotiwa saini si wa Mjomba. Karani alitaka ndugu wa karibu zaidi, basi alikwenda mke.

Jambo jingine. Mjomba hajui kucheza gemu lolote la kompyuta, na kipanya hajawahi kukishika. Zamu zote umecheza na Mama. Anasema bado unaacha upande mmoja wazi, safari hii wa soko, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye drafti, chumba cha walimu.

Anakupa nafasi moja ya mwisho. Mwandikie yeye. Mistari mitatu inatosha. Siku barua yako itakapofika ikiwa na kweli, mwaliko utatoka kwenye droo, na utakuwahi kabla ya tarehe thelathini.

Mimi nilimshauri asikupe.

Binti yako


9 Agosti

Mke wangu,

Nimeisoma barua ya binti nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na mpangaji wa chini akaniletea kiti. Uko hai. Naandika neno hilo na kuliangalia. Nimekuwa mjane miaka thelathini na moja, nimejaza fomu zote hivyo, na wewe uko mezani unakata mboga.

Sitabishana. Nilikuacha. Homa ilikuwa imekukalia, daraja lilikuwa linafungwa, na nilikuwa mwoga. Nilisema naenda kutafuta maji, na nilijua ninakwenda wapi. Ona, nimeyaandika. Hiyo ndiyo mistari mitatu uliyotaka, na ningeweza kutia saini hapa.

Lakini kuna jambo moja ambalo halimo kwenye faili, na ni haki yako kulijua. Nilirudi. Ni aibu iliyonifanya niandike kinyume chake; mtu akishajihukumu hujihukumu kupita kiasi. Alasiri ile ile nilishuka mtoni chini ya nguzo za daraja, maji yakiwa kifuani, viatu nimevifunga shingoni. Nilikuta mlango wa kijani umevunjwa, bati limekunjwa kwa ndani. Ndoo ilikuwa imepinduliwa. Hukuwapo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Niliamini wamekuchukua, na ndipo nikavuka tena. Kaburi nililibuni ili kaka yako asiishi na picha ya mlango ule. Nilimpa mawe na mti kwa sababu mlango ulikuwa mzito mno kumpa mtu.

Wewe ulikuwa mwalimu wa hesabu. Pima mwenyewe: je, mtu asiyerudi angeujenga mji mzima miaka miwili, jiwe kwa jiwe, ili awe na mahali pa kurudi?

Umecheza vizuri. Ningepaswa kuutambua mkono wako.

Ofisi inafunga tarehe thelathini ya mwezi ujao, na karani anataka karatasi halisi, si nakala. Tafadhali itumwe kwa njia ya haraka, nami nitakuwa nikingoja posta kila asubuhi. Chumba cha uani kinanitosha. Sihitaji kitu ila kitanda na dirisha.

Mumeo


2 Septemba

Mwalimu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Kaka aliisoma kwa sauti. Mistari yako ya mwanzo ilipokwisha alishusha barua, akanitazama, na mimi nikaitoa karatasi kwenye droo na kuiweka mezani. Nilikuwa nimeshashika stempu. Kisha akaendelea kusoma. Alipofika penye "nilirudi," binti akanyanyuka akaenda kufua.

Nilikuwa ndani ya nyumba ile siku tatu.

Siku ya kwanza nililisikia daraja likifungwa, na magari yakigeuza. Alasiri ile unayoisema nilikuwa macho, mgongo wangu umeegemea mlango, kwa sababu bati lilikuwa la baridi na mimi nilikuwa nawaka. Hakuna aliyeniita. Siku ya pili mvua ilinyesha, nikanywa yaliyovuja kwenye paa. Siku ya tatu homa ilishuka, nikaufungua mlango mwenyewe kwa mkono huu ninaoandikia, nikaurudishia nyuma yangu, kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Haukuvunjwa na mtu. Ndoo niliondoka nayo.

Zamu ya nne nimeuchukua mji. Ulikuwa huna tena chakula, na walinzi wako wa soko walifungua lango wenyewe. Sikuchoma kitu. Flashi nimebaki nayo.

Karatasi ya mwaliko nimeichana. Nimekuwekea humu kipande chenye saini yangu na muhuri wa karani, usije ukadhani nilikuwa nakudanganya.

Mimi